Maswali ya chemsha bongo kuhusu Wyoming: yapi hayana utata?

ChemshaBongo_Kisumu
Hamjambo wanajukwaa. Chemsha bongo ya shule za upili hapa Kisumu ina duru ya majimbo ya magharibi mwa Marekani, nasi tumeangukiwa na Wyoming. Orodha nyingi zinazosambazwa zinarudia lile la "wa kwanza kuwapa wanawake kura". Nahofia timu ikate rufaa na ishinde. Nitungeje maswali yenye jibu moja tu?

Mwl_Kakamega
Hofu yako ina msingi, mwalimu. Sheria ya Wyoming ilitiwa saini tarehe 10 Desemba 1869, zaidi ya miaka 20 kabla haijawa jimbo (10 Julai 1890). Ila "wa kwanza" ni mtego. Wanawake wenye mali kule New Jersey walikuwa wakipiga kura hadi walipozuiwa mwaka 1807. Utah nayo ilipitisha sheria yake baada ya Wyoming, lakini uchaguzi ukawahi: mwanamke alipiga kura Salt Lake City tarehe 14 Februari 1870, ilhali Louisa Swain wa Laramie alipiga tarehe 6 Septemba mwaka huohuo. Kwa hiyo funga swali kwa mwaka: "Ni eneo gani la Marekani, kabla halijawa jimbo, lililopitisha sheria ya kura kwa wanawake mwaka 1869?" Hapo hakuna wa kubisha.

Swali la gavana wa kwanza mwanamke lina tundu kama hilo. Nellie Tayloe Ross wa Wyoming na Miriam Ferguson wa Texas walichaguliwa siku moja, tarehe 4 Novemba 1924. Ross aliapishwa tarehe 5 Januari 1925, Ferguson tarehe 20. Basi andika "kuapishwa", kamwe usiandike "kuchaguliwa".

Ramani_Maseno
Mimi ningeweka swali la umbo, maana hesabu yake wanafunzi wanaiweza. Ramani huonyesha Wyoming kama mstatili, nayo si mstatili. Mipaka yake iliwekwa kufuata latitudo 41 na 45 kaskazini, na upana wake ni digrii 7 za longitudo. Hapa Maseno, kwenye ikweta, digrii moja ya longitudo ni kama kilomita 111. Ukielekea kaskazini, zidisha kwa kosini ya latitudo:

Kusini: 7 × 111.3 × kos 41° = takriban km 588
Kaskazini: 7 × 111.3 × kos 45° = takriban km 551

Upande wa juu umepungukiwa na kilomita 37 hivi. Anayekosea hapa huwa amesahau kosini, akapata km 779 pande zote mbili. Usidai kuwa mipaka imenyooka kabisa, kwani wapimaji wa karne ya 19 waliacha vigingi vilivyopotoka kidogo, na vigingi hivyo ndivyo mpaka halali.

Bonde_Nakuru
Msiache magadi! Bonde la Green River, huko Wyoming, lina hazina kubwa kuliko zote duniani ya trona, jiwe lilelile la Ziwa Magadi. Iligunduliwa mwaka 1938 watu wakichimba kutafuta mafuta. Letu linajijenga hadi leo juu ya ziwa. Lao liliachwa na ziwa lililokauka mamilioni ya miaka iliyopita, kwa hiyo wanashuka mamia ya mita chini ya ardhi. Jiwe husagwa, huchomwa ili maji na kabonidioksidi vitoke, huyeyushwa, tope likachujwa, kisha maji huvukizwa na fuwele zikabaki. Tani moja ya trona safi hutoa takriban kilo 700 za magadi soda, na sehemu kubwa huenda viwanda vya vioo. Uliza "hazina kubwa zaidi", si "inapatikana wapi", la sivyo Kajiado nayo itakuwa jibu sahihi.

ChemshaBongo_Kisumu
Asanteni sana. Na Yellowstone, ile hifadhi ya taifa? Naona 1872 kila mahali kuwa ndipo ilipoanzishwa.

Mwl_Kakamega
Tarehe 1 Machi 1872 ni sahihi. Usiulize iko jimbo gani: asilimia 96 iko Wyoming, inayobaki iko Montana na Idaho. Uliza kwa nini serikali kuu ndiyo iliyoichukua. Wakati ule hapakuwa na jimbo la kuikabidhi, maana maeneo yote matatu yalikuwa bado chini ya Washington.

Ramani_Maseno
Ongeza na la idadi ya watu: sensa ya 2020 ilihesabu watu 576,851 Wyoming. Kaunti ya Kisumu peke yake ilikuwa na 1,155,574 mwaka 2019. Taja mwaka wa sensa ndani ya swali.