Forester turbo kutoka Nairobi inajikata nikikanyaga hapa Malindi: nataka kujifunza kutyuni kompyuta ya injini mwenyewe

Mtoto wa Shela

Salaam wakuu. Nina Forester SG5 ya 2005, injini EJ205, otomatiki. Imetoka Nairobi ikiwa imeshatyuniwa huko: daunipaipu pana (bomba la eksosi linalotoka kwenye turbo) na presha ya turbo ambayo muuzaji anasema ni bar 1. Kule ilikwenda vizuri. Tangu iteremke Malindi, nikikanyaga mafuta gia ya pili inafika mizunguko kama 3,800 kwa dakika kisha inajikata ghafla, kama mtu amezima swichi, halafu inarudi kwa kishindo. Taa ya injini haiwaki. Ikiwa imesimama inatetemeka kidogo.

Aliyeityuni anasema niirudishe Nairobi. Mimi nataka nijue kuifanya mwenyewe. Laptopu ya Windows ninayo, spana ninazo. Nianze na kebo gani, programu gani, na niguse wapi kwanza? Na ile sensa ya oksijeni ya kuongeza, ni lazima au ni urembo? Fundi mmoja hapa ameniambia niinue tu kikomo cha kukata, kazi iishe.

Fundi wa Maweni

Huyo aliyekwambia uinue kikomo mshukuru, kisha usimrudie. Kinachokata ni kinga ya kompyuta: presha ikipita kiwango, inazima injekta ili pistoni zisalimike. Ukiinua kikomo utakuwa umenyamazisha mlinzi, na mwizi bado yumo ndani.

Sababu yenyewe ni bahari. Nairobi iko kama mita 1,700 juu, presha ya hewa huko ni karibu kPa 82. Malindi ni 101. Tuseme ramani, yaani majedwali ya namba ndani ya kompyuta, inalenga kPa 180 kwenye manifoldi (bomba la kugawa hewa kwa silinda), ukihesabu na hewa ya kawaida humo humo. Nairobi turbo inalazimika kuzidisha hewa mara 2.2, hapa mara 1.8 inatosha. Kule aliyetyuni aliipa solenoidi ya westigeti (valvu ya umeme inayotawala mlango wa kupunguza nguvu ya turbo) asilimia kubwa ili turbo ijikaze. Asilimia ileile hapa inaivusha lengo kabla kompyuta haijawahi kurekebisha, na daunipaipu pana inaongeza haraka hiyo. Halafu kuna jambo la pili ambalo wengi hawalifikirii: jedwali la taimingi, yaani wakati wa plagi kupiga cheche, husomwa kwa mizunguko ya injini na mzigo, yaani gramu za hewa kwa kila mzunguko. Seli za mzigo mkubwa ambazo gari halikuzifikia Nairobi, hapa unaziingia kila ukikanyaga. Yawezekana zimejazwa kwa kukisia, hazijajaribiwa.

Vifaa. Kwa Subaru ya umri huo kebo ni Tactrix OpenPort 2.0. Za bandia zimejaa na nyingi husoma vizuri, lakini siku ya kuandika ndiyo hukuangusha, basi hapo usibane pesa. EcuFlash ni ya kusoma na kuandika kompyuta, RomRaider ni ya kurekodi na kuhariri majedwali. Zote mbili ni bure.

Kazi ya kwanza ni kusoma kilichomo na kukihifadhi mahali pawili, mojawapo nje ya laptopu hiyo. Kompyuta ya biti 16 itakupa faili la KB 192 hivi, ya biti 32 KB 512 au zaidi. Angalia kitambulisho cha ramani kilichomo, kisha tafuta faili la maelezo linalolingana nacho herufi kwa herufi. Ukitumia la gari linalofanana tu, majedwali yatafunguka, majina yatakuwa sahihi, na namba zitakuwa za mahali pengine kabisa. Kama aliyetyuni alitumia programu ya kulipia, kuna uwezekano kompyuta imefungwa isisomeke. Lijue hilo kabla ya kununua chochote kingine.

Kuandika kunahitaji soketi mbili za kijani chini ya dashibodi, upande wa usukani, ziunganishwe. Ukifungua ufunguo hadi ON, feni za rejeta zitaanza kuwaka na kuzima zenyewe, pampu ya petroli itapiga tik-tik, na taa ya injini itapepesa. Usishtuke, ndivyo inavyojulisha kwamba iko tayari. Kompyuta za biti 16 zina pia plagi ndogo ya ziada. Ukimaliza, zitenganishe soketi, usiendeshe zikiwa zimeungana.

Betri sasa. Huku pwani hapa ndipo watu huua kompyuta. Fungua temino, tazama kama kuna ule unga wa kijani na mweupe. Chumvi ya baharini inapanda hadi kwenye waya wa ethi unaofungwa kwenye bodi, na ukiukwangua kwa sandipepa utaona shaba imeliwa. Safisha, kaza, paka grisi. Unganisha chaja na betri muda wote wa kuandika. Zima redio, taa, AC. Laptopu iwe imejaa chaji, izuiwe kulala na izuiwe kujisasisha. Usitegemee umeme wa ukutani peke yake. Kuandika ni dakika chache tu, lakini ikikatika katikati unaweza kubaki na boksi lisiloamka. Mara nyingi hufufuka ukirudia kuandika bila kuzima ufunguo. Mara nyingi, si kila mara.

Kaskazi

Fundi amesema yote ya kebo. Mimi naongeza moja: wiki ya kwanza usiandike kitu. Rekodi tu.

Rekodi mizunguko, mzigo, gramu za hewa kwa sekunde, presha ya manifoldi, asilimia ya solenoidi, nafasi ya throtoli, taimingi, joto la maji na la hewa, sahihisho la mafuta (asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza) la papo hapo na la muda mrefu, sahihisho la kunoki, na IAM. Ukichagua vitu 30 kasi ya kurekodi inashuka na mruko wa presha unakupita katikati ya mistari miwili. Kumi na mbili hivi zinatosha.

Kunoki hapa si ile ya gereji ya beringi kufa. Ni petroli kujilipukia kabla ya zamu yake. IAM ndiyo imani ya kompyuta kwa petroli yako: 1.0 (au 16 kwenye biti 16) inaamini kabisa, na ikishuka inakata taimingi kila mahali. IAM ikiwa chini ya 1.0 usiongeze chochote, popote.

Ramani za Kijapani zilipangwa kwa petroli yao ya juu inayouzwa kama oktani 100. Ya kwetu iko chini ya hapo. Na usijaze kwenye madumu ya kando ya njia. Mafuta ya taa kidogo ndani ya super yanashusha oktani, na mchezo huo ndio uliofanya serikali 2018 iweke ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa.

Sensa ya oksijeni ya ziada ni lazima siku utakayogusa mafuta ya mzigo mkubwa. Ile ya mbele ya gari haioni vizuri uwiano wa hewa kwa petroli ukiwa chini ya 11.1 hivi. Nunua geji yenye sensa ya Bosch LSU 4.9, uchomeleshe nati kwenye daunipaipu baada ya turbo, sensa iinamie chini, mkia juu angalau digrii 10 kutoka mlalo, ili maji ya eksosi yasikae ndani yake. Usiiache ndani ya eksosi bila umeme injini ikinguruma, itakufa.

Majaribio: gia ya pili pekee, 2,500 hadi 5,500. Kwenye otomatiki hiyo utakuwa karibu km 100 hadi 110 kwa saa mwishoni. Gia ya tatu ingekupeleka zaidi ya 150, na njia ya Sala Gate ina mbuzi kama ilivyo na lami. Awe mtu wa pili anayeshika laptopu.

Probox Nyeupe

Samahani wakuu, hizi kebo zinafaa injini ya 1NZ? Nataka nami.

Kaskazi

Hapana. Na injini isiyo na turbo faida yake ni ndogo mno, huenda usiihisi. Plagi mpya, ea klina safi na injekta zilizooshwa zitakupa zaidi.

Mtoto wa Shela

Nashukuru sana. Nimesoma, faili ni KB 512, kitambulisho nimekipata na maelezo yake yapo. Betri ilikuwa na kijani kama mlivyosema. Rekodi ya jana alasiri:

Sahihisho la muda mrefu: ikisimama +11, mwendo wa kawaida +4, mzigo mkubwa −1. IAM 0.69. Sahihisho la taimingi la kunoki lililokaririwa ni digrii −2.1 kati ya 3,600 na 4,000. Presha ilifika kPa 214 kwenye 3,750, kisha ikakata. Lengo la ramani hapo ni 190. Solenoidi ilikuwa 78%.

Naona +11 inaonyesha petroli haitoshi. Niongeze kwenye jedwali la sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia injini?

Fundi wa Maweni

Usiongeze. Tazama umbo la namba. Kubwa ikisimama, ndogo ikienda, inapotea kwenye mzigo: hiyo ni hewa inayoingia bila kupita kwenye sensa. Uwazi ni uleule, lakini ikisimama injini inavuta hewa kidogo kwa hivyo wizi mdogo unaonekana mkubwa. Ndiyo inayoitetemesha. Ingekuwa sensa chafu, kosa lingeenda nawe hadi juu.

Chukua kipande cha bomba la PVC kinachoingia kwenye mdomo wa hosi iliyo baada ya sensa, kizibe upande mmoja kwa kifuniko, toboa, weka valvu ya tairi. Funga kwa klipu, toa presha kwa pampu ya magurudumu hadi psi 10, usizidishe. Maji ya sabuni kwa brashi kila kiungo. Sikiliza kwanza, kisha tafuta povu. Kagua hasa hosi ya kuingilia turbo inayopita chini ya manifoldi. Joto huikausha na inapasuka pale pasipoonekana. Hewa kidogo itapotelea kwenye injini kupitia valvu zilizo wazi, hiyo iache.

Hosi nyembamba ya westigeti nayo ivute kwa kidole. Ikiwa imepasuka au imechomoka presha inaruka vilevile, na utahangaika na ramani bure.

Ukishaziba, ndipo ushike majedwali ya solenoidi. Ni mawili, la mwanzo na la kikomo cha juu. Safu za 3,000 hadi 4,500 punguza pointi 10, yaani 78 iwe 68. Jedwali la lengo lishushe hadi kPa 170 mpaka sensa ya oksijeni ifungwe. Kikomo cha kukata kiache kilivyo. Andika, endesha taratibu dakika 20 hadi 30, kwa sababu kuandika kunafuta yote iliyokariri na IAM inaanza upya. Rekodi. Presha ikizidi lengo kwa zaidi ya kPa 5, ondoa pointi 5 tena. Ikichelewa kufika, rudisha 2. Badilisha kitu kimoja kila mara, na kila faili lipe tarehe na jina la ulichobadilisha.

Mtoto wa Shela

Povu limeonekana chini ya manifoldi, ufa wa sentimita tatu. Hosi imebadilishwa: ikisimama sasa +2, haitetemeki. Solenoidi 66, presha inafika 173 na kukaa. Haikati. Lakini IAM imesimama 0.81 na kunoki ya −1.4 inarudi kwenye 3,800.

Kaskazi

Ikiwa −1.4 inatokea mara moja ukikanyaga kwa ghafla au gia ikibadilika, ipuuze. Ikirudi palepale kila mara, ni ya kweli.

Kabla ya taimingi, plagi: mwanya 0.7 hadi 0.8 mm. Na boliti ya sensa ya kunoki ni Nm 24. Ikikazwa kupita kiasi sensa inasikia vibaya. Vikiwa sawa, nenda kwenye jedwali la taimingi, seli za 3,600 hadi 4,000 za mzigo uliorekodiwa, toa digrii 2, na majirani zake digrii 1 ili kusiwe na ngazi. Ukipata mikimbio mitatu bila kunoki na IAM imerudi 1.0, simama hapo. Usirudishe digrii hata moja kwa sababu "imetulia".

Na upime mchana. Kipima joto cha hewa kwenye gari hili kimo ndani ya sensa ya hewa, kabla ya turbo, kwa hivyo hakijui intakula (rejeta ya kupoza hewa ya turbo) ya juu ya injini imechemka kiasi gani baada ya kungoja kwenye jua. Ukityuni saa kumi na mbili alfajiri wakati wa kusi, kaskazi ikiingia mwezi wa Desemba kunoki itarudi na utadhani ramani imeharibika. Simama dakika tano injini ikiwa hai, kisha rekodi. Hiyo ndiyo hali mbaya unayoitengenezea.

Sensa ya oksijeni ikifungwa, uwiano kwenye mzigo mkubwa uwe 11.0 hadi 11.5. Ukiona 12 na presha imejaa, ondoa mguu kwanza, maswali baadaye. Jedwali la sensa ya hewa utaligusa kama kosa limebaki baada ya yote haya, tena kwa hesabu tu: ikisoma gramu 20 kwa sekunde na sahihisho ni +6, andika 21.2.

Mtoto wa Shela

Plagi mbili zilikuwa 1.0. Naziweka 0.75 leo, nitaleta rekodi ya saa nane mchana.