Yule bwana aliyeinua kitochi changu mbele ya mkutano, leo nasema!

Mzee_wa_Nanguruwe: Wakuu, habari za jioni, ingawa yangu si njema. Nimetoka mkutano wa chama cha msingi sasa hivi, damu inachemka, mkiona herufi zimerukaruka mnivumilie.

Jina simtaji. Mnamjua. Yule yule wa miwani ya jua ndani ya ukumbi usio na taa, anayesema "kidijitali" mara mia nane kwa dakika.

Tumeitwa tuelezwe mnada wa korosho wa mtandaoni, huu wa TMX, soko la bidhaa, ulioanza msimu wa 2024. Sawa. Nikanyoosha mkono kwa adabu zangu zote, nikauliza: tukishaikubali bei kwenye skrini, hela inaingia akaunti lini, na makato ni yapi? Bwana yule hakujibu. Akashuka jukwaani, akaja mpaka nilipokaa: "Mzee, hebu lete simu." Nikampa, nikijua ananionyesha kitu. Akakiinua kitochi changu juu, ukumbi mzima ukione: "Na huyu naye anauliza mambo ya mtandao!"

Watu wakacheka. Shemeji yangu akacheka. Mbuzi waliofungwa nje nao walicheka, niliwasikia.

Eti kwa sababu kina raba bendi! Raba bendi inashika betri, haishiki akili yangu. Mwaka 2018 serikali ilipotangaza 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaja kubeba korosho, nani aliniuliza nina simu gani? Mnada mzuri, mnada mbaya, hayo tutabishana siku nyingine. Mimi nasema habari ya ule mkono. Alikiinua! Kwa vidole viwili, kama kashika panya aliyekufa! Akanirudishia betri imechomoka.

Na swali hajajibu.

Pwani_Mikindani: Pole mkuu. Sasa huu uzi umeufungua na kitochi?

Mzee_wa_Nanguruwe: Simu ya binti yangu. Usinichokoze.

Pwani_Mikindani: Hahaha, kumbe jamaa alisema kweli.

Mama_Salfa: Nilikuwepo, nimekaa nyuma. Nimecheka, sifichi. Kitochi kililia kikiwa huko huko juu, mlio wa jogoo.

Mzee_wa_Nanguruwe: Hakikulia!

Mama_Salfa: Kililia, baba. Ila afadhali wewe umechekwa tu. Mimi nimejisajili, namba ninayo, kufika kuchukua salfa ya kupulizia mikorosho naambiwa jina halisomi kwenye mfumo. Ugonjwa wa ubwiri unga unasubiri mfumo? Maua yote yameungua.

Kijana_wa_Mchinga: Nyie angalau mna cha kupiga mnada. Sisi Lindi tunaimbiwa LNG, mradi wa gesi ya kimiminika wa Likong'o, tangu sijaota ndevu, sasa zina mvi.

Msimbati_Kwetu: Gesi usinikumbushe! 2013 watu waliandamana, mabomu ya machozi tukayala, bomba likaenda Dar vile vile. Mimi hapa napuliza mkaa.

Fundi_Majiko: Tuelewane. Gesi ya mtungi ni LPG, inakuja na meli. Inayosafishwa Madimba ni gesi asilia, hiyo inataka bomba mpaka jikoni kwako.

Msimbati_Kwetu: Nani kakuuliza kemia? Si walete hilo bomba jikoni basi!

Mzee_wa_Nanguruwe: Jamani turudi kwenye mada. Alikiinua kwa vidole VIWILI.

Damu_ya_Ruangwa: Mzee nunua simu janja yaishe. Ukinunua utakutana na bando, linakufa saa sita usiku na nusu yake sijaigusa. Huo ndio wizi, sio raba bendi.

Pwani_Mikindani: Hapo kwenye bando nakuunga mkono. Bora hata nauli.

Kijana_wa_Mchinga: Nauli ipi? Mvua ikinyesha Somanga barabara ikakatika ndio utajua nauli.

Damu_ya_Ruangwa: Mechi ya Namungo kesho saa ngapi?

Mama_Salfa: Saa kumi, uwanja wa Majaliwa. Nani anatoka Nachingwea na gari tuchangie mafuta?

Fundi_Majiko: Mimi. Nafasi mbili, moja ya mbele imeshachukuliwa.