Aliyekataa kushika Biblia: tumwamini au tumtoe?

Mwanzisha mada, Moshi

Wadau, nileteni kwenye mstari.

Mtaa mmoja hapa Moshi uliapisha viongozi wake. Ukumbi wa kata, viti vya plastiki, meza imetandikwa kitambaa cha kijani, juu yake Biblia moja na Msahafu mmoja. Watu wanapita mmoja mmoja, mkono juu, kitabu mkononi, wanasoma karatasi. Zamu ikafika kwa mama mmoja mjumbe, muuza ndizi, watu tunamfahamu. Karatasi akaichukua, Biblia akaiacha mezani. Akamwambia hakimu, "Mheshimiwa, naomba nithibitishe, siapi." Hakimu hata hakuinua macho: "Thibitisha." Mama akasoma maneno yote neno kwa neno, ila penye "naapa" akasema "nathibitisha". Dakika mbili, kwisha.

Kelele zilianzia nje. Kwamba ana lake jambo. Kwamba ameacha mlango wazi ili akila hela ya michango ya taka asidhuriwe. Kwamba mtu asiyeweza kuapa kwa nchi yake huyo si wa nchi hii. Sasa kuna wenzake wanataka hoja ya kumtoa ipelekwe kwenye mkutano wa mtaa.

Yeye anasimama kwenye Mathayo 5: usiape kabisa, ndiyo yako iwe ndiyo, siyo yako iwe siyo. Kanisa lao ni dogo, la chini ya bati, na wanalisoma andiko hilo kama lilivyo, bila kulizungusha.

Mimi nasema aachwe. Kitabu ni hiari yake. Maneno ya kwenye karatasi ndiyo yasiyo hiari, na hayo ameyasema yote. Haya, nipingeni.

Mzee wa Marangu

Nakupinga mchana kweupe. Kiapo bila kitu cha kuogopa ni hotuba. Wazee wetu walilijua hilo kabla ya mzungu kuleta karatasi. Sisi tulikuwa na ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba la ukoo wetu Wachaga, ndugu wa baba mmoja, mstari wa masale, mimea ya kuonyesha mpaka, uling'olewa usiku. Kesi ikaenda barazani, kila shahidi akaapa kwa Biblia na kila shahidi akadanganya, wengine ni wazee wa kanisa. Siku moja mzee mmoja, katikati ya mbege, pombe yetu ya ndizi, akauliza tu kwa sauti ya chini, "Nikalete chungu?" Yaani kile kinachopasuliwa kumlaani mwongo. Chungu chenyewe hakikuletwa. Asubuhi masale yalikuwa yamerudi yalipokuwa.

Kwa hiyo huyo mama aseme anaogopa nini. Kama si Biblia, basi tumpasulie chungu.

Bodaboda, Mbuyuni

Mzee na wewe, tukianza kupasua vyungu kwa viongozi, udongo utaisha Kilimanjaro nzima.

Mkazi wa Majengo, Moshi

Naona watu wanashangaa neno "kuthibitisha" kana kwamba limezaliwa jana. Sisi Waislamu ukienda kutoa ushahidi mahakamani karani anaandika: Muislamu, anathibitisha. Ndivyo ilivyo kwenye Sheria ya Viapo, Sura ya 34. Mkristo ndiye anayeapa; wa dini nyingine anathibitisha, na hata Mkristo ambaye imani yake inamkataza kuapa anaruhusiwa athibitishe, na uzito ni uleule. Ukidanganya, jela ni ileile. Miaka yote hiyo sijasikia mtu akisema ushahidi wa Waislamu ni nusu.

Ila mwanzisha mada, usijipe ushindi mapema. Kwetu kiapo si mchezo. Tumefundishwa anayeapa aape kwa Mwenyezi Mungu au anyamaze. Ukikivunja kuna kafara: ulishe maskini kumi, au uwavishe, au uache mtumwa huru, ukishindwa, ufunge siku tatu. Yaani kiapo kina bei, na imeandikwa. Nikishika Msahafu najua deni langu liko kwa nani. Huyo mama akiteleza, deni lake linalipwa wapi? Hilo ndilo watu wa mtaani kwenu wanaliuliza, wameshindwa tu kulisema vizuri.

Mwalimu mstaafu, Arusha

Nimefundisha miaka mingi, nimeona viapo vya kila aina. Sisi tulikaririshwa ahadi za mwana-TANU gwaride la asubuhi. "Cheo ni dhamana, sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Mtoto wa miaka tisa, hana hata daftari la pili, anaahidi kuhusu cheo. Hatukushika kitabu chochote. Yalikuwa maneno matupu kwa mujibu wa mzee wa Marangu, lakini nikifumba macho bado nayasema yote.

Suala la mama huyu lina kaka zake wakubwa. Wanafunzi zaidi ya mia moja, Mashahidi wa Yehova, mkoani Mbeya walisimamishwa na wengine kufukuzwa shule kwa kutoimba Wimbo wa Taifa. Walikuwa wanasimama kwa heshima, hawaimbi tu. Mahakama Kuu iliwakatalia. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ikawapa haki yao. Marekani walilipitia hilohilo: 1940 mahakama yao ya juu ikasema watoto wanaweza kulazimishwa kusalimu bendera, na 1943, vita vikiwa vimepamba moto, ikajigeuza yenyewe ikasema hapana.

Na hapa Arusha, jamani, mbona tunasahau? Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda ilikaa hapa AICC, kituo cha mikutano, miaka ishirini. Mashahidi wa mauaji ya kimbari, watu waliozika familia nzima, walisimama na kutoa tamko la dhati kwamba watasema kweli yote na si kingine. Kanuni zao hazikudai Biblia wala Msahafu. Kwa maneno hayo watu walifungwa maisha.

Mwanasheria wa vijiweni, Ngaramtoni

Mnazunguka dini, mimi naona siasa. Swali ni nani anakuapisha na kwa idhini ya nani. Novemba 24, 2020 wanawake 19 wa Chadema waliapishwa ubunge wa viti maalumu pale viwanja vya Bunge Dodoma. Vitabu vilishikwa, Spika alikuwepo, kila kitu. Chama chao kikasema hakikuwapeleka, siku tatu baadaye kikawavua uanachama. Wao wakakaa bungeni. Sasa kiapo kile kilikuwa halali au si halali? Hakuna aliyeuliza kama walishika kitabu sawasawa.

Jirani zetu Kenya nao: Januari 30, 2018 Raila Odinga aliapa Uhuru Park kuwa "rais wa wananchi". Umati ulilia kwa furaha. Machi 9 akapeana mkono na Uhuru Kenyatta, rais mwenyewe wa wakati ule. Kiapo kilienda wapi hakuna anayejua mpaka leo.

Mama wa ndizi amechaguliwa, ameitwa, amesimama mbele ya hakimu. Uhalali anao kuliko hao wote. Hoja ya kumtoa ni fitina ya mtu aliyeshindwa kura.

Bodaboda, Mbuyuni

Hapo kwenye fitina umegonga. Nawafahamu.

Mwanzisha mada, Moshi

Ndugu wa Majengo umenibana. Nilikuwa nimejiandaa kwa wale wa "si mzalendo", hilo la deni linalipwa wapi sikuwa nalo. Nimemfuata mama mwenyewe gengeni nikamuuliza kama ulivyouliza. Alikuwa anakata mkungu, hakuacha. Akasema, "Mwanangu, mimi nikisema uongo kwa mteja mmoja kwamba mshare zimeiva, kesho hanunui mtu. Nilipe wapi tena?" Halafu akanichomolea daftari chini ya meza, lile la kurasa mia. Michango ya taka ya wiki tatu, kaya kwa kaya, nani ametoa elfu mbili na nani ameahidi. Jina langu lipo. Nadaiwa.

Mzee wa Marangu, daftari hilo lilinitisha kuliko chungu chako.

Lakini sijashawishika kwamba amejibu yote. Gengeni mteja anaonja. Kwenye uongozi tunaonja baada ya miaka. Na wale wanaotaka atoke nao wana daftari? Mwenyekiti aliyeapa kwa kitabu mkono wa kulia, nilipomwomba hesabu za ulinzi shirikishi, aliniambia ziko kichwani.

Mkutano ni Jumamosi saa nne asubuhi, chini ya mwembe. Hoja ya mama ni ajenda namba tatu, baada ya taka. Aliye karibu aje, na elfu mbili yake.