Naomba ushauri: GPS ya gari ya kubandika kiooni

Wakuu, habari za muda. Huwa naendesha Dar–Mbeya, mara nyingine nazungukia Itigi, Rungwa hadi Chunya, ambako mtandao unapotea kabisa. Simu kwenye dashibodi inachemka jua likiwaka, kioo kinafifia palepale kwenye njia panda.

Nimeonyeshwa GPS ya kampuni ya Garmin, ya mtumba, inchi 5. Muuzaji anasifia kioo tu. Nilipofungua orodha ya ramani nikakuta za Ulaya peke yake! Najua zipo ramani za Tracks4Africa (za barabara za Afrika) na za OpenStreetMap (ramani huria ya dunia) za kuweka kwenye kadi ya memori. Aliyewahi kuziweka, barabara za vumbi zimo kweli? Betri ya kifaa kilichotumika inahimili bila waya? Au nitafute simu ya pili, nipakue ramani humo, yaishe?