Mbona Japani na majirani zake hawaishi kuvutana? Naomba msaada wa wanaoijua siasa yake

Mwalimu_Lurambi (Kakamega)

Habari za jioni wanajamvi. Kidato cha tatu wana mdahalo wiki ijayo na hoja ni hii: "Japani imefanya ya kutosha kupatana na majirani zake." Vitabu tulivyo navyo vinaishia 1945, kana kwamba baada ya bomu la Hiroshima hakukutokea jambo. Naomba mlio kule au mnaoifuatilia nchi hiyo mnisaidie. Ugomvi wenyewe umekaa wapi hasa? Hivyo visiwa vina nini? Na nani anaamua kule, maana kila mara nasikia waziri mkuu mpya? Nipeni tarehe na majina, si hisia. Upande wa pili una watoto wenye ulimi.

Nyakach_Osaka

Mwalimu, anzia San Francisco, 8 Septemba 1951. Nchi 48 zilitia sahihi mkataba wa amani na Japani, ukaanza kutumika 28 Aprili 1952. Sasa hesabu ambao hawakuwepo. China haikualikwa, si Beijing si Taipei. Korea haikualikwa, si Kusini si Kaskazini. Warusi walikuja wakakataa kutia sahihi. Ni shamba lililopimwa na mawe ya mpaka yakafukiwa bila kuwaita majirani, na watu wa huku kwetu tunajua kesi ya namna hiyo huishi miaka mingapi.

Na mkataba wenyewe una mianya. Kifungu cha 2 kinasema Japani inaachilia Taiwan, lakini hakisemi inamwachia nani. Inaachilia visiwa vya Kuril, lakini hakisemi vinaanzia na kuishia wapi. Inaachilia Korea pamoja na visiwa vitatu vilivyotajwa kwa majina, na ile miamba ambayo Wakorea huiita Dokdo na Wajapani Takeshima haimo katika orodha.

Lakini ningekuwa mimi ningewapa watoto mkataba mwingine, wa 22 Juni 1965, Japani na Korea Kusini walipofungua uhusiano. Kifungu chake cha 2 kinasema mikataba yote iliyofanywa kufikia 22 Agosti 1910, siku ya mkataba ulioitia Korea mikononi mwa Japani, "tayari ni batili". Tayari tangu lini? Hapo ndipo penye moto. Seoul husoma kwamba ilikuwa batili tangu siku ilipoandikwa, kwa hiyo miaka 35 ya utawala haikuwa na haki hata siku moja. Tokyo husoma kwamba ilikuwa halali wakati wake, ikaja kufa Korea ilipopata serikali yake 1948. Nakala ni tatu, za Kijapani, Kikorea na Kiingereza, na zikipishana ya Kiingereza ndiyo hufuatwa. Hiyo nayo ina neno hilohilo la "tayari", kwa hiyo haimsaidii mtu. Kila ujumbe ulirudi nyumbani na tafsiri yake.

Siku hiyohiyo walisaini makubaliano ya madai: dola milioni 300 za bure na milioni 200 za mkopo nafuu, na maneno kwamba madai "yamemalizwa kabisa na kwa mwisho". Japani iliziita fedha za ushirikiano wa kiuchumi, haikuziita fidia. Sehemu yake ilijenga kiwanda cha chuma cha Pohang. Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ya Korea Kusini ikaamua kwamba waliofanyishwa kazi kwa nguvu na kampuni za Japani wakati wa vita bado wanaweza kudai, kwa sababu makubaliano yale hayakugusa fidia ya mtu aliyeumizwa na utawala usio halali. Unaona neno "tayari" lilivyorudi? Julai 2019 Japani ikabana uuzaji wa kemikali tatu ambazo Korea huzihitaji kutengenezea chipu na vioo vya simu. Mambo yalilegea Machi 2023, Seoul ilipokubali walalamikaji walipwe kupitia mfuko wa Korea wenyewe.

Kwa hiyo mwanafunzi akisema "Japani haijalipa" ataumbuliwa, na akisema "imelipa, yakaisha" ataumbuliwa vilevile. Awaulize wenzake: ililipia nini?

Lanet_Mama (Nakuru)

Niongezee ya visiwa, maana hapo watu huchanganya mno.

Mwalimu, waanzishie watoto na Migingo, kile kisiwa cha Ziwa Victoria tunachogombania na Uganda, wanaijua. Mwamba wa chini ya nusu ya uwanja wa mpira, lakini maji yanayouzunguka yana mbuta. Baharini ni vivyo hivyo, ila sheria ni pana zaidi: kisiwa kikikubaliwa kuwa chako na kinaweza kukalika, unapata maili 12 za bahari kuwa zako kabisa, na hadi maili 200 haki ya samaki, mafuta na gesi. Ndiyo maana Senkaku, visiwa vidogo karibu na Taiwan ambavyo China huviita Diaoyu, zinagombewa ingawa hazina mkazi hata mmoja.

Japani ilizitwaa rasmi Januari 1895. Baada ya vita zilikuwa chini ya Marekani pamoja na Okinawa hadi 15 Mei 1972. Ripoti ya uchunguzi wa Umoja wa Mataifa iliyotoka 1969 ilisema huenda kuna mafuta chini ya bahari ile, na madai ya Taiwan na China yakasikika kwa nguvu kuanzia hapo. Beijing nayo hujibu kwamba 1895 ni mwaka wa vita, kwa hiyo ni mali ya kunyang'anywa. Hoja zote mbili wazishike. Septemba 2012 serikali ya Japani ilinunua visiwa vitatu kutoka kwa mwenyewe kwa yen bilioni 2.05, ikitaka kumzuia gavana wa Tokyo, Ishihara, asivinunue yeye na kuzua makubwa. Beijing haikuona tofauti ya mnunuzi, na maandamano yalijaa miji ya China.

Sasa angalia jambo ambalo halisemwi sana. Senkaku ziko mikononi mwa Japani, nayo husema hakuna mgogoro wowote. Dokdo iko mikononi mwa Korea, yenye polisi wake juu ya mwamba, nayo husema hakuna mgogoro wowote. Japani imeitaka Korea waende Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa ajili ya Dokdo mwaka 1954, 1962 na 2012, na kila mara ikakataliwa. Kwa Senkaku haijawahi kumwita mtu mahakamani. Anayekalia kisiwa haitafuti hakimu. Kenya tuwe wakweli pia: kesi ya mpaka wa bahari na Somalia tulijitoa kabla ya hukumu ya Oktoba 2021.

Wakisoma habari kwamba "meli za China zimeingia Senkaku", watafute namba. Ndani ya maili 12 ni jambo zito. Kati ya 12 na 24 ni ukanda wa nje, huko hupita karibu kila siku. Tena waangalie kama ni walinzi wa pwani au jeshi la majini.

Ugomvi na Urusi ni wa visiwa vinne vya kaskazini, ambavyo viko mikononi mwa Urusi. Tamko la 1956 liliahidi kurudisha viwili vidogo, Shikotan na Habomai, baada ya mkataba wa amani. Mkataba haujafanyika mpaka leo, na Machi 2022 Moscow ilisimamisha mazungumzo.

Bungoma_Nagoya

Swali lako la nani anaamua. Mwananchi wa kule hampigii kura waziri mkuu. Bunge ndilo humchagua, na baraza la chini, lenye viti 465, ndilo lenye neno la mwisho. Chama cha LDP kimetawala karibu muda wote tangu 1955, kikitoka 1993 na 2009 tu. Mwenyekiti wa chama ndiye kwa kawaida huwa waziri mkuu, kwa hiyo chama kikimchoka kinambadilisha bila uchaguzi mkuu. Kati ya Septemba 2006 na Desemba 2012 walipita sita.

Hesabu hizo za chumbani ndizo huyumbisha mambo ya nje. Chama kidogo cha Komeito kilishirikiana na LDP tangu 1999, kikiwa kama breki katika mambo ya jeshi na daraja la kwenda Beijing. Oktoba 2025 kilijitoa. Takaichi Sanae, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu, akaingia 21 Oktoba akisaidiwa na Ishin, chama kinachotaka jeshi lenye nguvu zaidi. Tarehe 7 Novemba akasema bungeni kwamba China ikiishambulia Taiwan kwa manowari, hali hiyo inaweza kuhesabiwa "tishio kwa uhai wa taifa". Kwa sikio la kawaida ni maneno tu. Lakini ni jina la kisheria kutoka sheria za 2015, na likitamkwa rasmi linaruhusu jeshi kupigana kumsaidia mshirika hata kama Japani haijashambuliwa. Wiki moja baadaye, 14 Novemba, China iliwaambia raia wake wasiende Japani.

Kuhusu kuomba radhi, wape tamko la Kono (1993), kuhusu wanawake waliotumikishwa kingono kwa ajili ya jeshi la Japani, na la waziri mkuu Murayama (1995), kuhusu ukoloni na uvamizi wa Japani, ambayo ni radhi za wazi. Kisha wape hekalu la Yasukuni, la kuwaenzi Wajapani waliokufa vitani, ambako tangu 1978 wanaenziwa pia wahalifu wakuu wa kivita 14. Kuna viwango vya kuliheshimu hekalu hilo, na majirani huvisoma kwa makini. Waziri mkuu kutuma mti wa sadaka Aprili na Oktoba huleta lawama za karatasi. Kulipia sadaka 15 Agosti, siku ya kukumbuka mwisho wa vita, bila kwenda, vivyo hivyo. Kwenda mwenyewe, kama Koizumi kila mwaka 2001 hadi 2006 na Abe Desemba 2013, hufunga milango ya mikutano. Mfalme Hirohito hakukanyaga tena pale baada ya 1975.

Kwa mgeni mkazi: hana kura, hata ya mtaa, hata akiwa na kibali cha kudumu. Mwanasiasa kupokea mchango wa fedha kutoka kwake ni kosa. Waziri wa mambo ya nje, Maehara, alijiuzulu Machi 2011 kwa michango midogo kutoka kwa mkazi wa asili ya Korea. Mwenye binamu anayekwenda kufanya kazi huko amwambie asiingize mkono mfukoni hata kwenye harambee ya mgombea aliye jirani mwema.

Mwalimu_Lurambi (Kakamega)

Mungu awabariki, nimeshaandika kurasa nne. Moja tu limebaki: kwenye ramani ya ukutani niandike Bahari ya Japani au Bahari ya Mashariki?

Nyakach_Osaka

Atilasi nyingi zina la kwanza, na Seoul inataka la pili. Shirika la kimataifa la upimaji wa bahari lilikubaliana 2020 kwamba mfumo wake mpya wa kidijitali utumie namba badala ya majina. Wewe andika yote mawili kwa herufi za ukubwa mmoja, halafu uwaulize watoto kwa nini ukubwa wa herufi ni jambo la kugombania.