Eti "mhazini ndiye anajua pesa zilipo"! Yule fundi wetu wa mifumo, Mungu anamwona

Wakuu, naandika bado nimevaa suti ya mkutano, sijala, presha imepita paa.

Mnamjua, simtaji. Yule wa laptopu yenye stika kumi na moja, anayetamka "mfumo" kabla ya shikamoo. Ndiye aliyetutengenezea databesi ya kikoba. Tuko wanachama 340, hisa ya mwezi 20,000 kila mmoja, na mwezi huu wote wamelipa. Hata mtoto wa chekechea anayehesabia maganda ya karanga atakwambia ni 6,800,000.

Leo mwenyekiti kasema, "Mhazini, tusomee." Nikabonyeza, nikasoma kabla akili haijafika: shilingi elfu sita mia tatu na arobaini.

Ukumbi ukanyamaza mpaka feni ikasikika. Mama mmoja wa mstari wa mbele akakumbatia mkoba wake kwa mikono miwili huku ananitazama.

Nikamgeukia fundi. Yuko nyuma na sambusa ya tatu. Hata hakumeza: "Kompyuta haidanganyi. Mhazini ndiye anajua pesa zilipo."

MHAZINI NDIYE ANAJUA PESA ZILIPO. Na sambusa mdomoni. Sambusa nimezilipia mimi!

Nimefika nyumbani nikafungua jedwali. Kolamu ya kiasi kaiweka maandishi! Kuna "20,000/=", kuna "Tsh 20,000", na mmoja kaandikiwa "elfu ishirini, kalipa mumewe". Hilo ni jedwali au ukuta wa choo cha stendi? Halafu anaiambia MySQL, programu inayoendesha hiyo databesi, ijumlishe kwa amri yake ya SUM. Kwa jamaa huyu SUM imeongezewa u, imekuwa sumu.

Na sambusa mdomoni, wakuu.

Dogo wa Chuo: Pole mkuu. MySQL ikipewa maandishi ijumlishe, inasoma tarakimu za mwanzo mpaka ikwame. "20,000/=" inakwama kwenye mkato, inabaki 20. Ikianza na herufi haipati kitu, inaweka 0. Gawanya 6,340 kwa 20 unapata 317. Kwa hiyo wenzenu 23 wamehesabiwa sufuri. Kolamu ya pesa iwe DECIMAL, yaani ya namba za desimali, hiyo Tsh ibandikwe wakati wa kuonyesha tu.

Mhazini Mnyonge: Asante dogo, lakini hukuwepo. Hukumwona alivyotafuna.

Jirani Mnoko: Mleta uzi, fundi ulimlipa ngapi? Nakisia: chipsi mayai na nauli.

Mhazini Mnyonge: Haihusu.

Jirani Mnoko: Na soda?

Mhazini Mnyonge: Na soda.

Jirani Mnoko: 😂😂 Basi hata hiyo elfu sita amekuonea huruma.

Bi Mkoba: Wewe una nafuu. Wetu kila mwezi kaupa kolamu yake, Januari hadi Desemba, kisha anazijumlisha moja moja. Usipochanga panakaa NULL, yaani hapajajazwa kitu, na chochote ukikijumlisha na NULL jibu ni NULL. Machi nilifiwa sikuchanga, akiba yangu ya mwaka mzima ikawa haipo. Na mwaka mpya ukiingia eti tusubiri "aongeze kolamu".

Dogo wa Chuo: Dada, kila malipo yawe na mstari wake: namba ya mwanachama, tarehe, kiasi. Hapo SUM inashuka chini na NULL inairuka yenyewe, na mwaka mpya hauongezi kolamu hata moja.

Bi Mkoba: Dada nani? Nina wajukuu saba.

Dogo wa Chuo: Shikamoo bibi.

Mangi wa Kona: Vikoba mnaviweza. Mimi la duka ndilo limenishinda. Jedwali la mauzo halina bei, linachungulia kwenye jedwali la bidhaa. Juzi nimepandisha sukari 200, mauzo ya mwaka jana yote yakapanda. Nimekuwa tajiri wa mwaka jana, pesa sizioni.

Dogo wa Chuo: Bei ya siku ile inakiliwe kwenye mstari wa mauzo. Ya kwenye bidhaa ni ya leo tu.

Jirani Mnoko: Mangi, kumbe ni wewe uliyepandisha sukari? Na kilo yako ina gramu 900!

Mangi wa Kona: Mzani wangu una muhuri wa serikali. Kijiko chako ndicho kikubwa.

Jirani Mnoko: Leta picha ya huo muhuri.

Mhazini Mnyonge: Jamani uzi wangu. Kaniita mwizi mbele ya watu 340. NA SAMBUSA MDOMONI.

Bi Mkoba: Zilikuwa za nyama? Mjukuu wangu anazitengeneza, oda kuanzia 50.

Jirani Mnoko: Za nyama niwekee 60, nina ugeni Jumamosi.

Bi Mkoba: Haya. Mangi, niletee unga kilo tano kesho saa nne, ila utapimia mbele yangu.