Kutoka huduma kwa wateja kwenda kutengeneza tovuti: kujisomea, kulipia mafunzo au kurudi chuo?

ShiftiYaUsiku
Wakuu, habari za jioni. Niko Dar, nafanya huduma kwa wateja kwenye kampuni ya malipo ya mtandaoni, simu na chati, kwa shifti. Kazi siichukii, ila nataka sasa nitengeneze kile ninachokitolea maelezo kila siku. HTML na CSS, za kupanga na kupamba ukurasa, nazimudu; JavaScript, lugha ya kuufanya ukurasa utende kazi, ndiyo inanisumbua. Naona njia tatu: kujisomea bure, kulipia mafunzo ya miezi kadhaa, au stashahada. Mimi ni mama wa mtoto mmoja na nyumba nimepanga, kwa hiyo kuacha kazi si jambo la kuamua juu juu. Mliopita huku nilinganishieni, msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kipepeo_Mbagala
Za bure nimetumia mbili, na hazifanani. freeCodeCamp, iliyoanza 2014, unaandika msimbo (code) humo humo kwenye kivinjari, mazoezi mafupi mafupi. Hata ukitoka shifti umechoka, mawili matatu unamaliza. Kasoro yake inakushika mkono mno: siku unayofungua faili tupu, unabaki kulitazama. The Odin Project haikubembelezi. Inakutaka uwe na Linux (mfumo endeshi kama Windows, ila wa bure), uzoee mapema Git, programu ya kutunza kila toleo la kazi yako, usome MDN, nyaraka za mtandaoni za teknolojia za tovuti, kisha ujenge mwenyewe. Ukimaliza msingi unachagua njia ya JavaScript au ya Ruby on Rails, zana nyingine ya kujengea tovuti. Kwa soko letu chukua JavaScript. Na sehemu kubwa ni maandishi, bando halikimbii.

CS50, kozi ya bure ya Harvard ya sayansi ya kompyuta, ni nzuri sana, lakini mapema tu unakutana na lugha ya C. Kama muda ni mchache na unachotaka ni tovuti, iache kwanza.

NjiaYaThika
Mimi nililipia, hapa Nairobi. Masomo yenyewe yako mtandaoni bure, kwa hivyo nilichonunua ni ratiba na watu wa kuniuliza nimefika wapi. Kwangu ilistahili, maana nikiwa peke yangu nilikuwa naacha kila nikifika pale JavaScript inasubiri majibu ya seva, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha tovuti. Lakini kabla hujatoa karo, ongea na wahitimu uliowatafuta wewe, sio wale wako kwenye tangazo. Na kama wanakukopesha ulipe ukipata kazi, soma mkataba uone hiyo "kazi" wameieleza vipi. Kama ni masomo ya kutwa, na una mtoto, sikushauri.

Mwalimu_Arusha
Natofautiana kidogo na wenzangu. Nafasi za serikali zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira zinataka cheti kinachotambulika. Hapo GitHub yako, yaani ukurasa wa mtandaoni wa kuonyesha miradi yako, hata iwe nzuri kiasi gani, haikuvushi. Kama unalenga taasisi ya umma, tafuta stashahada ya TEHAMA kwenye chuo chenye usajili wa NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, au angalia Chuo Kikuu Huria, ambacho unasoma huku unafanya kazi. Ila ni safari ya miaka, na tovuti ni kipande tu cha mtaala.

Tiketi_Imefungwa
Wote wamesema kweli, ila wamekuhesabu kama mtu anayeanza sifuri, na hapo siafiki hata kidogo. Nimetokea huko huko uliko.

Mteja anapiga: "Pesa imekatwa, oda siioni." Wengi tunaandika tiketi, ile ripoti ya tatizo, kwamba mteja analalamikia malipo, basi. Mimi nikawa nabonyeza F12 kwenye kivinjari, zinafunguka zana za waandishi wa programu, nafungua sehemu ya mtandao (Network), narudia alichofanya mteja na kutazama ombi lipi limegeuka jekundu. Kila ombi lina namba ya jibu: ikianza na 4, kasoro kwa kawaida iko kwenye ombi. Ikianza na 5, seva ndiyo imeshindwa. Natuma namba hiyo, saa, na kumbukumbu ya muamala. Haikupita muda mrefu, waandishi wa programu wakawa wananitafuta wao.

Chukua mfano wa Daraja, mfumo wa Safaricom ya Kenya wa kuunganisha tovuti na M-Pesa. Ombi la malipo likijibiwa kwamba limepokelewa, bado hakuna aliyelipa. Matokeo yanakuja baadaye, kama namba, kwenye anwani ya mtandao ya mfumo wako uliyoiweka: 0 amelipa, 1032 ameghairi, 1037 simu yake haikujibu. Anwani ile isipofikika, pesa imeondoka na mfumo wako hauna habari. Anayetoka darasani anaisoma hii kwenye nyaraka. Wewe umeshaongea na huyo mteja saa nne usiku, unajua anauliza nini na nini kinamtuliza.

Mradi wako uwe hapo. Jenga duka dogo, tumia mazingira ya majaribio ya Daraja ambayo ni bure, na kila namba ya matokeo impe mteja maelezo ya Kiswahili yanayoeleweka: alipe tena, asubiri, au asilipe mara ya pili. Mwajiri akiliona hilo atakuwa na la kukuuliza, tofauti na ile programu ya zoezi ya kuorodhesha kazi za siku ambayo kila mwanafunzi anayo.

Njia yangu kwa hiyo ni ya nne: baki kazini, lenga dawati la msaada wa kiufundi au ujaribuji wa mifumo, na usiku soma Odin. Ongeza SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, ya kusoma tu: amri za SELECT na JOIN.

ShiftiYaUsiku
Asanteni sana, hii ya nne sikuifikiria kabisa. Wasiwasi wangu ni msimamizi, hapendi watu wahame. Na laptop yangu ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 tu.

Tiketi_Imefungwa
Dada, usianze na barua ya kuhama. Anza na tiketi zako zionekane tofauti, kisha omba kukaa na timu ya ufundi kwenye hitilafu moja uliyoiripoti wewe. Akikataa hata hilo, tiketi hizo bado ni ujuzi wa kueleza kwenye usaili wa kampuni nyingine, ila majina na namba za wateja usizitoe nje ya ofisi.

Kipepeo_Mbagala
GB 4 inatosha kuanzia. Usiweke Linux ndani ya Windows, itakwama. Isakinishe moja kwa moja, toleo jepesi kama Xubuntu au Lubuntu, baada ya kuhamisha faili zako. Ukipata hela, nunua SSD (diski yenye kasi) kwanza, RAM baadaye.